MTI WA UKINGONI: MPOPLA WA MTO TANA

Hotuba kwa wakulima, wafugaji na wachonga mitumbwi wa Garissa na nchi za kando ya mto

Mtu atokaye Mwingi kwenda Garissa huiona nchi ikigeuka pole pole mbele ya macho yake. Mashamba hupungua, vilima huachwa nyuma, na mwishowe hubaki tambarare pana ya udongo mwekundu, vichaka vya miiba na vumbi. Kisha, karibu na mji, hutokea mstari wa kijani kibichi uliokatiza nchi nzima toka kaskazini kwenda kusini. Mstari huo ni miti, na chini ya miti hiyo ndipo upitapo Mto Tana.

Garissa hupata mvua kidogo sana. Kwa wastani wa miaka mingi, mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 400, na miaka mingine hupungua mno. Nchi ya namna hiyo yatazamiwa kuwa na miti ya ukame tu, kama mgunga, ambao majani yake ni madogo na mizizi yake hushuka chini sana kutafuta maji. Lakini ukingoni mwa Tana umesimama mti wa tabia nyingine kabisa, ambao hauwezi kuzaliwa ila katika matope mabichi. Mti huo ni mpopla wa Mto Tana, na wataalamu huuita Populus ilicifolia.

Karibu kila nchi ina mti wake uvumiliao udongo wenye maji. Mashariki ya Amerika ya Kaskazini uko mwaloni wa mabondeni, ambao husimama katika udongo uloweshwao na mito, mahali ambapo mialoni mingine hufa. Kwa ajili ya uvumilivu wake, zaidi ya miti 400 ya aina hiyo ilipandwa mjini New York katika uwanja wa ukumbusho uliofunguliwa mwaka 2011. Katika nchi ya Iraki, kando ya Mto Furati, uko mti ambao Waarabu huuita gharab. Kenya haina mwaloni wa asili; hata mgrivea, ambao Waingereza waliuita mwaloni wa hariri, si mwaloni, nao uliletwa kutoka Australia. Lakini gharab wa Furati na mpopla wa Tana ni ndugu wa ukoo mmoja. Ndugu wengi wa ukoo huo wa mipopla hukaa Ulaya, Asia na Amerika ya Kaskazini, katika nchi za baridi na theluji. Huyu wa Afrika ya Mashariki hukaa karibu na mstari wa ikweta, kandokando ya mito michache kama vile Tana, Athi na Ewaso Ng'iro, wala haupatikani kwa asili penginepo duniani nje ya Afrika ya Mashariki.

UMBO LAKE

Mpopla uliokomaa ni mti mrefu, wenye shina nene na gome la rangi ya kijivu. Majani yake huwashangaza wageni. Mche mchanga una majani membamba na marefu, na mti ukiisha kukua hutoa majani mapana yenye meno makali pembeni. Mtu asiyeujua akionyeshwa mche na mti mzima hudhani kwamba ni miti miwili mbalimbali. Kwa sababu hii miche mingi hung'olewa na kutupwa kama magugu na watu ambao wangeitunza kama wangeitambua.

Tena miti hii ina dume na jike. Mti mmoja hutoa maua ya kiume tu, na mwingine hutoa maua ya kike na kuzaa mbegu. Mbegu zenyewe ni ndogo sana, nazo zimefungwa katika nyuzi laini nyeupe kama pamba. Vidonge vyake vipasukapo, pamba hiyo huruka kwa upepo na kuelea juu ya maji.

Wajerumani wawili, Clemens na Gustav Denhardt, ambao majina yao yanajulikana katika historia ya Witu na ya Mto Tana katika karne ya 19, waliacha jina lao katika vitabu vya miti pia, kwa kuwa mpopla huu uliwahi kuitwa Populus denhardtiorum, yaani mpopla wa akina Denhardt. Jina hilo halitumiki tena. Lakini yafaa kukumbuka kwamba wenyeji wa kingo za Tana walikuwa wakiuchonga mti huu mitumbwi zamani, kabla mgeni yeyote hajauandika kitabuni.

KWA NINI MTI HUSIMAMA MAJINI

Watu wengi hufikiri kwamba mti hauwezi kupata madhara kwa wingi wa maji. Sivyo. Mizizi hupumua kama mnyama apumuavyo, na hewa yake huipata katika nafasi ndogo ndogo zilizomo udongoni. Maji yajaapo udongoni hewa hutoka, na mizizi ya miti mingi hufa katika muda wa siku chache. Mkulima aliyeona mipapai yake ikinyauka baada ya mafuriko ameliona jambo hili kwa macho yake.

Miti ya kando ya mito imejaliwa njia za kuokoka. Jamii ya mipopla na jamaa zake huweza kutoa mizizi mipya juu ya ile ya zamani, karibu na uso wa udongo ambapo hewa ingaliko. Mto ukileta tope na kulifunika shina, mti hauhesabu kwamba umezikwa, bali huota mizizi katika lile tope jipya na kuendelea. Kwa njia hiyo mti huushika ukingo kwa tabaka nyingi za mizizi, kama mkono ushikao kwa vidole vyote.

MAFURIKO NDIYO MKUNGA WAKE

Mto Tana hufurika kwa desturi mara mbili kwa mwaka, baada ya mvua za masika na baada ya mvua za vuli, ambazo hunyesha katika milima ya Kenya na Nyandarua, mbali sana na Garissa. Maji yakipanda hula ukingo wa nje wa kila pindo la mto. Yakishuka huacha mchanga na tope laini upande wa ndani. Pale penye fungo jipya la mchanga, lenye unyevu, lisilo na majani wala kivuli, ndipo mbegu ya mpopla huota.

Mbegu hiyo haina akiba ya chakula, nayo hufa upesi. Isipopata udongo mbichi katika siku chache, imepotea. Haiwezi kungoja mwaka ujao kama mbegu ya mgunga ingojavyo. Ikiota, mzizi wake hauna budi kushuka chini kwa mwendo ule ule wa maji ya udongoni yashukavyo mto ukipungua. Maji yakishuka haraka mno, mche hukauka. Yakipanda tena mapema mno, mche huchukuliwa. Kwa hiyo kizazi kipya cha mipopla hakipatikani kila mwaka. Hupatikana katika mwaka ule tu ambao mafuriko, mchanga na mbegu vimekutana kwa wakati wake.

Hapo mipopla huwa ya kwanza kuishika ardhi. Ikiisha kutia kivuli, na tope likiisha kujengeka, miti mingine hufuata: mikuyu, migunga mikubwa ya mtoni, mikoma na mingineyo. Bibi Francine Hughes, mtaalamu aliyechunguza misitu ya Tana katika miaka ya 1980, alionyesha jinsi kila aina ya mti ikaavyo mahali pake kwa kadiri ya mafuriko yafikavyo mahali hapo. Ndiyo maana msitu wa Tana ni utepe mwembamba tu. Mtu akiuacha mto na kwenda mbali kidogo, maji ya udongoni huzama chini mno, na msitu hukoma ghafula kama uliokatwa kwa kisu.

FAIDA ZAKE

Mbao za mpopla ni nyepesi na laini kuchonga. Wapokomo huzitumia kwa mitumbwi na kwa vyombo vya nyumbani. Mtumbwi katika nchi ya Tana si chombo cha anasa. Wakati barabara zimefunikwa na maji, mtumbwi ndio ubebao mgonjwa, unga na mwanafunzi.

Faida ya pili ni ukingo wenyewe. Mahali penye miti, maji ya mafuriko hupita kati ya mashina, hupunguza mwendo, na huacha tope lake lenye rutuba. Mahali pasipo miti, maji hupita kwa nguvu zake zote na kuchukua ardhi. Yapasa kusema kweli hapa: hakuna mti uwezao kuzuia mafuriko makubwa, kama yale ya mwaka 1961, ya mwaka 1997, au ya mwisho wa mwaka 2023, na yale ya mwaka 2024 ambayo yaliifunika barabara karibu na Mororo hata magari yakashindwa kupita. Lakini mti huweza kuamua kama maji yakiondoka yataacha shamba au yataacha shimo.

Faida ya tatu ni ya wanyama. Katika misitu ya Tana kusini ya Garissa hukaa mbega mwekundu wa Tana na mangabi wa Tana, ambao hawapatikani penginepo duniani. Kwa ajili yao Serikali iliweka hifadhi mwaka 1976. Wanyama hawa huitegemea miti ya mtoni, na utepe wa msitu ukikatika, jamaa moja ya mbega haiwezi kuifikia nyingine.

HATARI TATU

Sasa mti huu umo mashakani, nao umewekwa katika orodha ya kimataifa ya miti iliyo hatarini kutoweka. Hatari ya kwanza yatoka mbali. Katika sehemu za juu za Tana yalijengwa mabwawa matano ya umeme: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu mwaka 1974, Gitaru mwaka 1978, Masinga mwaka 1981, na Kiambere mwaka 1988. Umeme huo ni msaada mkubwa kwa Kenya, wala hakuna atakaye giza. Lakini bwawa hushika tope, na tena hushika sehemu ya maji ambayo zamani yalishuka kwa wingi wakati wa masika. Mwaka 2002 wataalamu John Maingi na Stuart Marsh waliandika matokeo ya kupima hesabu za mto kabla ya bwawa la Masinga na baada yake, wakaonyesha kwamba siku za msitu kufunikwa na maji zilikuwa zimepungua sana. Mafuriko makubwa kabisa yangali yakija, maana hayo hulishinda bwawa. Yaliyopungua ni yale ya kadiri, yaliyozoea kuulowesha msitu bila ya kubomoa nyumba.

Hatari ya pili yatoka karibu, katika panga na shoka. Kutoka Mbalambala hata Garissa, na kuendelea Bura na Masalani, watu wengi wamefungua mashamba ya migomba, miembe na mipapai kwa maji ya mto. Wamunyoyaya, Wamalakote na Wapokomo ni wakulima wa mtoni tangu kale, na Wasomali wengi waliopoteza mifugo kwa ukame wamejiunga nao. Kazi hiyo ni njema. Lakini wengi hukata miti mpaka mdomoni mwa maji ili kuongeza safu moja ya migomba na kuiweka pampu karibu. Mti wa mia ya miezi huangushwa kwa asubuhi moja.

Hatari ya tatu ilikuja kama msaada. Katika miaka ya 1980 mti wa kigeni uitwao mathenge uliletwa katika nchi kavu za Kenya, hata katika mradi wa kilimo cha maji wa Bura, ili watu wapate kuni na kivuli. Kuni zilipatikana, lakini mti haukukaa ulipopandwa. Mbegu zake hupita katika matumbo ya mbuzi na ng'ombe, nao huota popote mifugo ilalapo na popote inywapo maji. Mwaka 2008 Serikali ya Kenya iliutangaza kuwa gugu lenye madhara. Ukishika fungo la mchanga kabla ya mpopla, mpopla haupati tena nafasi ya kuota, kwa kuwa mbegu yake haiwezi kuota kivulini.

YAPASAYO KUFANYWA

Mkulima na aache utepe wa miti ukingoni. Kanuni za maji za mwaka 2007 ziliweka kwamba ardhi ya ukingo isiyolimwa isipungue mita 6. Yafaa kufanya hesabu. Shamba lenye urefu wa mita 100 kando ya mto likiacha mita 6, limeacha mita 600 za mraba, yaani karibu sehemu ya saba ya ekari moja. Hiyo ni hasara, wala haifai kumwambia mkulima kwamba si kitu. Lakini ukingo mtupu huweza kupoteza zaidi ya hapo katika mafuriko ya wiki moja, na ardhi iliyochukuliwa na mto hairudi. Afadhali kutoa sehemu ya saba kwa hiari kuliko kunyang'anywa yote kwa nguvu.

Mfugaji naye ana haki yake ya maji. Njia za mifugo kwenda mtoni, ambazo Waorma na Wasomali huziita malka, ni za kale kuliko mashamba mengi, na kuzifunga ni kuleta ugomvi. Lakini si lazima kila fungo la mchanga liwe njia ya mbuzi. Wazee wa wafugaji na wa wakulima waweza kukaa pamoja baada ya kila mafuriko, wakaenda kutazama ni fungo gani lenye miche, wakalitenga moja au mawili kwa boma la matawi ya miiba, na kuziacha malka wazi. Mche ukivuka misimu michache ya kiangazi na kupita kimo cha mdomo wa mbuzi, boma laweza kuondolewa na miiba yake kutumiwa penginepo.

Mchonga mitumbwi na atazame kabla ya kukata. Wakati wa mbegu, mti wa jike hujulikana kwa ile pamba nyeupe. Akikata majike yote ya pindo moja la mto, hata kama madume mia yamebaki, hakuna mbegu itakayoanguka hapo. Na aache majike mazuri, na dume karibu yao, ili mwanawe apate mti wa kuchonga.

Mwenye bustani ya miche na akusanye vidonge vinapoanza kupasuka, azipande mbegu siku ile ile au kesho yake. Azitawanye juu ya mchanga laini uliolowa, asizifukie, na maji yapande kutoka chini ya sanduku. Akiyamwaga kwa juu yatazisomba. Miche ikipata nguvu huhamishiwa katika vifuko, na kisha hupandwa penye unyevu wa kudumu. Kuipanda mbali na mto, penye udongo mwekundu, ni kuiua tu.

Mathenge ulioota ukingoni hauishi kwa kukatwa juu, maana huchipuka tena kwa wingi zaidi. Yapasa kuchimba na kulikata shina chini ya uso wa ardhi, na kuchoma makaa kwa mti huo badala ya miti ya asili.

Mwisho, wale wenye kazi ya kufungua milango ya mabwawa na wapimaji wa maji wana sehemu yao. Maji yakiachiliwa kwa kiasi, katika majira ya desturi, na habari zikitangulia kwa watu wa Garissa na Tana River kabla ya maji yenyewe, msitu utakunywa na watu watakuwa wamehama mabondeni salama. Maji yakizuiliwa mpaka bwawa limejaa kabisa, kisha yakashuka yote kwa pamoja, watu watapata hasara wala msitu hautapata faida.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nyufa za ukingo wa Tana zaonekana leo kwa kila apitaye kwa mtumbwi: mahali hapa migomba imeinama majini, mahali pale njia ya zamani imekatika na kuishia hewani. Kati ya nyufa hizo ingalipo mipopla mikubwa imesimama, na kila msimu pamba yake nyeupe hushuka juu ya mchanga mpya. Mti umekwisha kufanya kazi yake kwa kutoa mbegu. Iliyobaki ni kazi ya watu wa kingo zote mbili: kuujua mche wauonapo, na kuuacha ukue.